Unga Usioshika Sabato

Muuguzi alimfunga mama mmoja mkononi kile kitambaa cha kupimia presha kinachovimba, akabonyeza mpira, akatazama kipimo, kisha akakifungua na kukifunga upya, kama mtu anayehesabu tena chenji aliyopewa na mlevi. Mara ya pili namba haikushuka.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Sifanyi kazi. Mume wangu ndiye mwoka mikate. Mimi namkandia tu unga."

"Unga kiasi gani?"

"Gunia."

"Kila siku? Kwa mashine?"

Mke wa mwoka mikate alinyoosha mikono yake miwili, akamwonyesha mashine.

Muuguzi aliitazama ile mikono, akaiweka chini taratibu juu ya meza, kama vyombo vya watu. "Sikiliza. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake ni sawa na kuziba tundu la ndoo kwa kidole. Siku moja kila wiki ulale. Sisemi ukae chini. Nasema ulale. Ukiendelea hivi utaanguka, na wewe unashinda karibu na tanuri. Sitaki hata kusema utakapoangukia."

Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alicheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Hilo tu? Muuguzi, umechelewa. Katika nyumba yangu watu wanapumzika kila wiki, tangu jua likizama Ijumaa mpaka lizame Jumamosi. Hatushiki hata sindano."

Muuguzi alimgeukia mke. "Ni kweli unapumzika?"

Mke alifungua mdomo. Akauona uso wa mumewe unavyong'aa kwa fahari, akaufunga. Kisha akaufungua tena, akasema, "Ni kweli."

Hapo ndipo alipokosea, na ndiyo sababu ya haya kuandikwa. Wenzangu, mtu wa hospitali akikuuliza swali, usimjibu kwa niaba ya mumeo.


Mtaani huyo mwoka mikate walimwita Amri ya Nne, kwa ile amri ya kuishika Sabato. Hawakumwita hivyo kwa dharau, au tuseme dharau ilikuwa kidogo tu, kama chumvi kwenye uji. Alikuwa mtu mwaminifu. Mkate wake haukuwa na pango katikati kama wa wengine, na Sabato yake haikuwa na pango pia. Jumamosi moja jirani yake wa ukuta mmoja, fundi viatu, alimgongea mlango kumwambia kwamba baiskeli yake ya kusambazia mikate inaibwa. Amri ya Nne alitoka, akamtazama mwizi akiikokota, akamwomba kwa upole airudishe jioni, kwa kuwa leo hawezi kushindana naye. Mwizi alikuwa mtu wa heshima: aliirudisha, ila bila kengele.

Sheria za siku hiyo alizijua zaidi Bibi, mama mzazi wa Amri ya Nne, aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni akitoa hukumu. Kuwasha moto ni kazi. Kuchochea makaa yaliyofukiwa kwenye majivu tangu Ijumaa si kazi, kwa sababu moto ni wa jana. Kuchambua mchele ni kazi. Kutema jiwe si kazi. Kuosha sahani ni kazi, kuziloweka si kazi, na kwa hiyo sahani zote za Sabato zililowekwa siku nzima zikimsubiri mtu mmoja jioni. Ukizitazama sheria hizo kwa utulivu ungeona zina mlango mmoja tu wa kupitia: jambo likifanywa na Amri ya Nne lilikuwa kazi, likifanywa na mkewe lilikuwa kusaidia.

Ijumaa moja baada ya siku ya muuguzi, mchana, Amri ya Nne alirudi kutoka kusambaza mikate akiwa anapiga mluzi.

"Mama watoto, mchungaji anakula kwetu kesho. Na mkewe."

"Kesho hii?"

"Mzee wa kanisa amehama, wanatafuta mwingine. Mchungaji anataka kuiona nyumba inayojua kupumzika." Alivuta kiti, akakaa. "Nataka aikute nyumba imetulia kama maji ya mtungini."

Mkewe alikuwa ameinama juu ya beseni la nguo, povu hadi kwenye viwiko. "Ili atukute tumetulia, itabidi nikimbie."

"Kimbia leo. Kesho tutatulia."

"Muuguzi alisema..."

"Alisema siku moja. Kesho ndiyo hiyo siku moja."

Basi akakimbia. Alifua, akaanika, akaanua zikiwa bado na unyevu kwenye mishono, akapiga pasi shati la mumewe, gauni la binti na kitambaa cha kichwa cha Bibi, ambacho Bibi alikirudisha kwa kuwa mkunjo mmoja ulikuwa umepinda. Alipika maharage, akapika wali, akapika mboga, vyote vya siku mbili. Alisugua sakafu. Alichota maji ya kuoga ya watu wote ya siku mbili. Aling'arisha viatu. Alitandika shuka ya wageni kwenye kitanda chake mwenyewe, ili mke wa mchungaji akitaka kuweka mkoba wake akute mahali pasafi. Vikombe vizuri alivifuta kimoja kimoja, akavirudisha kabatini, akafunga kabati, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la nguo yake kama kawaida.

"Jua linashuka," Amri ya Nne aliita kutoka mlangoni, mkono juu ya macho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya Ijumaa: kulichunga jua.

"Nimelisikia."

"Limegusa paa la fundi viatu."

"Basi liambie lisimame hapo kidogo."

Kazi ya mwisho ilikuwa unga. Kila Ijumaa aliumimina kwenye lile sanduku refu la mbao la kukandia, akaufunika kwa ubao, ili Jumamosi jua likizama amwage maji na hamira bila kupoteza muda, maana mikate ya Jumapili asubuhi haimngoji mtu. Kumimina na kufunika, basi. Lakini siku nyingine zote, akishamimina, mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye maji ya vuguvugu, kwenye chumvi, sukari, hamira, kisha ikazama ndani na kukanda mpaka mabega yaote moto. Ijumaa ile kichwa kilikuwa kimetangulia kulala, kikaiachia mikono nyumba. Mikono ikafanya inachokijua.

Bibi aliona kila kitu kutoka kwenye kiti chake. Aliwaza, leo ameamua kuwahi. Hakusema. Kumshauri mkwe ilikuwa kazi, na jua lilikuwa limebaki kipande.


Sabato ilianza kwa harufu. Wa kwanza kuinusa alikuwa binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kwanini, kwa sababu ndilo neno aliloanza nalo maisha na hakuona sababu ya kuliacha. Alikwenda chumba cha kukandia, kilichopakana na sebule, akarudi na kusimama mbele ya baba yake aliyekuwa akifunga tai.

"Baba, unga umeamka."

"Unga gani?"

"Wetu. Umesukuma ubao, umesukuma na jiwe lililokuwa juu ya ubao. Sasa unashuka."

Familia nzima ilikwenda kutazama. Usiku ulikuwa na baridi, na baridi ilikuwa imeushika unga. Joto la asubuhi lilipogusa mabati, likauachia. Ulikuwa umepanda juu ya kingo za sanduku, mweupe, mnene, umetulia kama tajiri kwenye kiti chake, na upande mmoja ulikuwa umeteremka hadi sakafuni, ukitafuta njia.

"Nani amekanda?" Amri ya Nne aliuliza.

Mkewe alitazama viganja vyake. Kwenye kucha kulikuwa na unga uliokauka. "Mimi," akasema. "Lakini sikuwepo."

"Ulikanda kabla ya jua kuzama au baada?"

"Nimekwambia sikuwepo."

"Kabla," Bibi alisema. "Niliona mwenyewe."

Amri ya Nne alishusha pumzi. "Basi hatuna kosa. Sisi kazi tuliimaliza kwa wakati. Unaofanya kazi sasa ni unga wenyewe."

"Kwa nini unga haushiki Sabato?"

"Unga hauna dini."

"Na ukifika sebuleni?"

"Huo ni mwendo wake. Hatujautuma."

Kichwa cha fundi viatu kilitokea juu ya ukuta wa nyuma, kofia imekaa upande. "Sabato njema, jirani. Kuna kitu kinatoka chini ya mlango wako wa uani. Kuku wangu wanakila, na mmoja amenasa."

"Ni unga."

"Nauona. Mbona hamuuzoi?"

"Leo hatugusi kazi."

"Si ulinihubiria wewe mwenyewe kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa?"

"Huyu si ng'ombe."

"Wala hakutumbukia," fundi viatu alikubali. "Ametoka." Alifikiri kidogo. "Nikuzolee mimi? Mimi Sabato haijui hata sura yangu."

"Kumtuma mtu ni sawa na kufanya."

"Hujanituma. Nimejituma."

"Ukijituma mbele yangu nami nikanyamaza, nimekutuma."

"Jirani, wewe ungefaa kuwa wakili. Basi nawaacha kuku waendelee."

"Kuku nao hawana dini," Kwanini alimweleza.

Amri ya Nne alimvuta mkewe pembeni, akashusha sauti. "Mama watoto, sisi tunatangulia kanisani. Wewe njoo nyuma kidogo. Huo unga usiufanyie kazi. Usogezesogeze tu, upanguse pale chini, yale makaa uyachochee, meza uitandike, halafu utukute kabla ya mahubiri. Mchungaji asiikute nyumba hivi. Unajua kinachotafutwa."

"Na hiyo si kazi?"

"Hiyo ni kusaidia."

Mkewe alikwenda chumbani kuvua viatu vyake vya kanisani ili avae vya kazi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alivua kimoja. Aligeuka akakitazama kitanda, shuka ya wageni, mkunjo wa pasi ukiwa umenyooka katikati kama barabara, akatambua kwamba tangu aolewe hajawahi kukiona kitanda hicho mchana. Akaweka kichwa kidogo, ajaribu. Kiatu cha pili kilibaki mguuni.

Kwanini alisimama mlangoni. "Mama, unaumwa?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

"Naishika Sabato. Mwambie baba yako."

"Nimwambie mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lizame. Kama yeye."

Amri ya Nne alikuja, tai imefungwa nusu. "Mama watoto, utani mwingine una siku zake."

"Leo hatugusi kazi," mkewe alisema, macho yamefumba.

"Na mchungaji?"

"Mkaribishe. Si anakuja kuiona nyumba inayojua kupumzika? Mlete hapa nimwonyeshe."

Amri ya Nne alitafuta jibu. Lilipofika, mkewe alikuwa anakoroma.


Kanisani, mchungaji alimuulizia mke. Amri ya Nne, ambaye hakuwa amewahi kusema uongo, alijibu kwamba mke wake leo anapumzika kwa namna ya pekee. Mchungaji aliguswa sana. Alimtolea mfano katika mahubiri, bila kumtaja, na Amri ya Nne aliyasikiliza mahubiri yote akiufikiria unga.

Walipofika nyumbani, unga ulikuwa umepita chini ya mlango wa sebule na kuingia hatua ya mtu mzima. Ulikuwa umekutana na zulia, ukalipanda. Mchungaji, mtu mrefu mwenye miwani mizito, aliuvuka akidhani ni kitambaa.

"Karibuni, karibuni, nyumba ni yenu," Amri ya Nne alisema, akisimama mbele ya unga na miguu ameipanua kama golikipa. Kutoka chumbani ulikuja mkoromo.

"Ni paka," Bibi alisema.

"Kwa nini unasema ni paka, Bibi, na hatuna paka?"

"Kaa kimya, mtoto."

Amri ya Nne aliingia jikoni, mahali ambapo alikuwa amepitia mara nyingi akielekea kwingine. Makaa yalikuwa yamekufa. Sahani zilikuwa juu ya rafu, lakini vikombe vilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la nguo chini ya mtu aliyelala. Alipata mabilauri mawili ya plastiki: moja lilikuwa la bafuni. La pili lilikuwa la kupimia hamira. Alilifikiria hilo kwa muda, kisha akampa mchungaji la hamira, kwa kuwa ni la kazi takatifu zaidi. Maharage aliyatoa yakiwa baridi, yameshikana kama matofali. Akatafuta chumvi, akapata kitu cheupe.

"Ni matamu," mke wa mchungaji alisema baada ya kijiko cha kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye macho yaliyokuwa yakicheka kabla ya mdomo.

"Asante," Amri ya Nne alisema.

"Hapana. Ni matamu. Yana sukari."

Amri ya Nne alihisi masikio yanapata moto. Uzee wa kanisa ulikuwa ukimponyoka mbele ya macho yake, kijiko kwa kijiko. Akamgeukia binti. "Kwanini, mwanangu, nyanyuka uwahudumie wageni."

Binti aliweka kijiko chini. "Siruhusiwi, baba."

"Nani amekukataza?"

"Amri. Wiki hii tulifundishwa kuikariri." Alianza kuhesabu kwa vidole. "Amekatazwa kufanya kazi baba mwenye nyumba. Amekatazwa mwanawe wa kiume. Amekatazwa binti, ndiye mimi. Wamekatazwa watumishi. Wamekatazwa wanyama. Na mgeni anayekaa ndani ya geti, naye hafanyi."

"Mama," Amri ya Nne alimwambia Bibi, "basi nisaidie wewe."

"Umemsikia mtoto. Mgeni hafanyi."

"Wewe ni mgeni hapa? Umekaa kwangu tangu kabla huyu hajazaliwa."

"Mwenye mwana ni mgeni daima kwa mwanawe," Bibi alisema, akijisogezea mboga.

Kwanini bado alikuwa ameshika vidole vyake, akivirudia. "Ila baba, mama hayumo. Nimesoma mara mbili. Punda yumo. Ng'ombe yumo. Mama hayumo."

Kutoka chumbani ulisikika mkoromo, mrefu, wa mtu anayelipwa haki yake.

Mke wa mchungaji ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akatoa leso. "Mwanangu, mimi nimejitafuta humo tangu siku ya harusi yangu."

"Yumo," mchungaji alisema haraka, maana naye alikuwa na nyumba. "Anaposemwa mwenye nyumba, na mkewe yumo humo humo. Mume na mke ni mwili mmoja."

"Naam," Amri ya Nne alidakia. "Mwili mmoja. Ndiyo sababu hakuhitaji kutajwa."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Lakini ndugu yangu, kama ni mwili mmoja," akasema polepole, kama mtu ambaye wazo linamshangaza yeye mwenyewe, "imekuwaje siku zote nusu inalala na nusu inachota maji?"

Mkewe alimtazama. "Na wewe hilo uliandike. Tutalihitaji nyumbani."

Hapo ndipo mkoromo ulipokatika.

Haukupungua. Ulikatika, kama uzi. Amri ya Nne alisikiliza. Akasikia kuku uani, akasikia nyundo ya fundi viatu, hakusikia kingine. Maneno ya muuguzi yakamjia yote kwa mpigo: ukiendelea hivi utaanguka. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akakanyaga unga, kiatu kikabaki ndani yake, akaingia chumbani na soksi moja.

Mkewe alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo. Alimwekea kiganja puani, asijue kama pumzi anayoisikia ni ya mkewe au ni yake. Akainama zaidi. Pumzi ilikuwepo, ya joto, ndogo.

Kisha akaiona mikono. Mkewe alikuwa usingizini, usingizi mzito wa mtu aliyedondoka, na mikono yake ilikuwa inakanda. Ilisukuma shuka ya wageni, ikaikunja, ikaigeuza, ikaisukuma tena, kwa mwendo ule ule wa kila siku. Mkunjo wa pasi ulikuwa umeshapotea kabisa. "Maji bado kidogo," alisema kwa sauti ya usingizini.

Amri ya Nne alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameoa mikono hiyo, ameila mikate yake, ameuuzia mtaa mzima, na hakuwa amewahi kuitazama ikiwa peke yake. Akaishika. Ilivuta. Akaishikilia kwa upole, kama anavyoshikwa kuku anayetaka kuruka, mpaka ikasahau, ikalegea, ikatulia ndani ya mikono yake. Mkoromo ukarudi. Akamvua kile kiatu cha pili.


Alitoka chumbani, akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Akapandisha mikono ya shati lililopigwa pasi jana.

"Mchungaji," akasema, "ng'ombe wangu yuko shimoni. Nakuomba radhi."

Akapiga magoti sebuleni, akaanza kuuzoa unga kwa mikono miwili na kuutia kwenye beseni.

"Kuzoa ni kazi," Bibi alisema kutoka mezani.

"Ni kazi, mama."

"Sabato haijaisha."

"Najua. Na wewe leo nakuomba upumzike kuhukumu."

Bibi alifungua mdomo, akatazama huku na huku atafute wa kumuunga mkono. Mke wa mchungaji alimsogezea maharage matamu. Mchungaji alisimama muda mrefu akitazama viatu vyake, kisha akavivua, akavua na saa, akapiga magoti upande wa pili wa zulia. Hakuwa hodari. Unga ulimpanda hadi kwenye miwani. Juu ya ukuta wa nyuma kichwa cha fundi viatu kilitokea tena, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa amevua kofia.

Jua lilipoanza kuinama wageni waliaga. Mlangoni, mchungaji akijikwangua viganja, alisema, "Kuhusu ule uzee wa kanisa..."

"Mtafute mwingine kwanza," Amri ya Nne alisema. "Mimi Ijumaa nitakuwa na kazi. Kuna kufua, kuna kupika, kuna maji. Sijui nitamaliza saa ngapi."

"Nilikuwa nataka kusema umeupata."

"Basi ungojee mpaka nijue vikombe vinakaa wapi."


Jua lilizama. Hakukuwa na mtu mlangoni wa kulichunga. Mabeseni ya unga uliochacha yalikuwa uani, kuku wakiwa wameyazunguka kama waumini, na sanduku refu la mbao lilikuwa limesafishwa na kujazwa unga mpya. Amri ya Nne alikuwa amezama ndani yake hadi kwenye viwiko. Mgongo ulikuwa unamwambia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia. Upande wa pili wa sanduku alisimama fundi viatu, naye akikanda, kofia imegeuka nyeupe.

"Sasa hivi nimejituma halali," fundi viatu alisema. "Hiki kitu hufanyika kila siku?"

"Kila siku."

"Na mtu mmoja?"

Amri ya Nne alisukuma unga kwa nguvu zaidi. Kwanini alichungulia. "Baba, giza limeingia. Nimwamshe mama aje akande?"

"Chukua lile blanketi zito," baba yake alisema, "ukalitundike dirishani kwake. Polepole, usipige kelele. Na usiniulize."

Kwanini akauliza kwa macho tu, akaenda.

Baadaye kidogo sauti ilitoka chumbani, nzito, ya mtu anayerudi kutoka mbali. "Baba Kwanini? Jua limezama?"

Amri ya Nne alifika mlangoni, akaificha mikono nyuma, unga ukimdondoka kwenye visigino. Hakuwa amewahi kusema uongo maishani mwake, na ulimtoka vibaya, kama mkate wa kwanza wa mwanafunzi.

"Bado," akasema. "Bado kabisa. Lala."

Mkewe alitazama dirisha lililovaa blanketi. Alisikia kuni zikilia kwenye tanuri na sauti ya fundi viatu akimlaani mtu aliyebuni hamira. Kwenye uwazi wa mlango, nyuma ya mumewe, aliona taa imewashwa.

"Mbona leo linachelewa?"

Amri ya Nne alifikiri. "Limepumzika," akasema. "Na lenyewe lilikuwa limechoka."

"Ah," mkewe alisema. Akafundua ufunguo kwenye pindo, akauweka ukingoni mwa kitanda upande wa mumewe, akageukia ukutani na kujifunika shuka ya wageni mpaka masikioni. Amri ya Nne alisimama pale akiitazama mikono ya mkewe chini ya shuka, mpaka alipohakikisha kwamba haikandi.